Kijana wetu anasugua benchi Dar na anataka kurudi nyumbani: tumchukue?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya usajili ya timu moja ya Ligi Kuu huku mikoani, kando ya ziwa. Naomba usitaje timu wala majina. Tuna kijana wetu, winga, mzaliwa wa hapa hapa mjini. Tulimlea tangu timu ya vijana, na mwanzoni mwa msimu uliopita klabu kubwa ya Dar ikamchukua. Sasa ana miaka 22. Msimu wa kwanza alicheza cheza, msimu huu anasugua benchi, na hata akiingia anaonekana hana raha. Mama yake anatuambia kila siku analia kwenye simu, anataka kurudi nyumbani. Mashabiki wetu nao wamelipata hilo, wanataka arudishwe. Klabu yake iko tayari kumwachia dirisha dogo hili la usajili, la katikati ya msimu, ila kwa kubadilishana: wao watupe winga, sisi tuwape beki wetu wa kushoto, kijana wa miaka 20 aliyecheza karibu kila mechi. Mkataba wa winga uliobaki, mwaka mmoja na nusu, tuubebe sisi. Mshahara wake ni zaidi ya mara mbili ya mchezaji anayelipwa vizuri kuliko wote kwetu. Kamati imegawanyika. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, ndugu mjumbe. Muda wa dirisha ni mfupi, kwa hiyo nianze na msimamo wangu. Mchukueni kijana kama kocha wenu anamtaka, lakini kwa mkopo mpaka mwisho wa msimu, na beki wenu abaki. Wakishikilia kwamba lazima mbadilishane, kataeni kwa heshima na msubiri. Sasa nieleze kwa nini, maana naona kamati yenu inabishania jambo la pili kabla ya kulimaliza la kwanza.

La kwanza ni hili: kijana ana hamu ya nyumbani, au ana hamu ya kucheza?

Yote mnayoyajua kuhusu hali yake mmeyapata kwa mama. Sisemi mama anadanganya. Anasema anachokisikia. Lakini mchezaji wa miaka 22 aliyewekwa benchi nusu msimu atamlilia mama yake hata kama nyumbani kwao ni mtaa wa pili kutoka uwanja wa mazoezi. Mchezaji asiyecheza kila kitu kinamkera: chakula hakina ladha, chumba kidogo, joto, foleni, kocha ana watu wake. Mpe namba mechi tatu mfululizo, foleni ile ile ataipita akiimba. Kama tatizo lake ni hilo, dawa ni dakika za uwanjani, na dakika anaweza kuzipata klabu yoyote ya Ligi Kuu, si lazima kwenu.

Hamu ya nyumbani yenyewe hasa ina dalili nyingine. Huwa inatangulia benchi. Inampata mtu hata mambo yakiwa yanamwendea vizuri uwanjani. Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni Jesús Navas wa Sevilla. Alizaliwa Los Palacios, mji mdogo karibu na Sevilla, akaingia kikosi cha kwanza mwaka 2003 na kwa miaka mingi akawa winga tegemeo. Alikuwa akicheza kila wiki, anapendwa, timu inashinda. Na bado akikaa mbali na nyumbani muda mrefu alipatwa na hofu kali ya kumnyima pumzi, kiasi kwamba mchezaji wa kiwango chake alichelewa kuichezea timu ya taifa ya Hispania mpaka Novemba 2009. Hakuwa na kocha anayemchukia wala mpinzani wa namba. Tatizo lilikuwa umbali, basi. Alisaidiwa, akatibiwa, akazoeshwa taratibu, na Julai 2010 alikuwa Johannesburg akinyanyua Kombe la Dunia. Mwaka 2013 akaenda Manchester City akakaa misimu minne, na aliporudi Sevilla mwaka 2017 hakurudi kama mtu aliyeshindwa. Mwaka 2024, akiwa na miaka 38, alikuwa bingwa wa Ulaya na Hispania.

Kwa hiyo ulizeni msimu wa kwanza ulikuwaje, zile wiki alizokuwa anapangwa. Alikuwa anachelewa kurudi kambini baada ya mapumziko? Alikuwa anaomba ruhusa za kila mara, leo harusi, kesho mgonjwa? Alikuwa halali? Au wakati ule alikuwa anatuma picha za Uwanja wa Mkapa kwa rafiki zake wote, na kilio kimeanza pale jina lake lilipotoka kwenye orodha ya kikosi? Majibu haya hayako kwa mama. Yako kwa mchezaji aliyelala naye chumba kimoja, kwa mtunza vifaa, kwa daktari wa timu. Dunia ya mpira wetu ni ndogo, hamtakosa mtu wa kumuuliza.

Ulizeni pia kama kuna jambo limetokea nyumbani kwao. Nasema hivi kwa sababu ya Adriano, yule mshambuliaji wa Brazil wa Inter Milan. Watu walisema sana kuhusu starehe zake, lakini yeye mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba kilichomvunja ni kifo cha baba yake mwaka 2004. Ikachukua miaka. Aprili 2009, baada ya kuichezea timu ya taifa, hakupanda ndege ya kurudi Italia. Akabaki Rio, akasema amepoteza furaha ya kucheza mpira. Flamengo, klabu iliyomlea, ikamchukua mwezi uliofuata.

Na hapo kamati yenu itazame kwa makini, kwa sababu kisa hiki kina pande mbili na kila upande wa kamati unaweza kukitumia. Flamengo walipata walichokitaka. Adriano alifunga mabao 19, akawa mfungaji bora kwa kulingana na Diego Tardelli, na Flamengo wakatwaa ubingwa wa Brazil ambao hawakuwa wameupata tangu 1992. Kama mkataba wa Flamengo ungekuwa wa miezi sita, ungekuwa usajili wa karne. Lakini nyumbani palikuwa na mambo yake pia. Vila Cruzeiro, mtaa aliokulia, ulikuwa palepale, na rafiki wa utotoni palepale. Mazoezi akawa anayakosa. Mwaka 2010 akaenda Roma, na hakufika tena pale alipokuwa. Nyumbani pana nguvu ya kumwinua mtu haraka. Kumshikilia juu kwa muda mrefu ni kazi nyingine, na kazi hiyo haifanywi na nyumbani. Ndiyo maana mimi nawaambia mkopo.

Hapa kwetu tunao mfano wa karibu. Agosti 2021 Simba waliuza nyota wawili kwa mpigo: Clatous Chama kwenda RS Berkane ya Morocco na Luis Miquissone kwenda Al Ahly ya Misri. Najua hakuna aliye mzaliwa wa Dar, mmoja ni Mzambia na mwingine ni wa Msumbiji, lakini wote walikuwa wanarudi mahali walipopendwa, na mashabiki waliimba jina la kila mmoja kwa sauti ile ile. Chama alirudi Januari 2022, baada ya miezi michache tu. Machi 2023 alifunga mabao matatu Simba walipoipiga Horoya 7-0 kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Miquissone alipita Abha ya Saudi Arabia kwa mkopo na akarudi Simba katikati ya 2023, karibu miaka miwili baadaye, miaka ambayo hakucheza vya kutosha. Yule aliyewafunga Al Ahly pale Mkapa Februari 2021 hatukumwona tena. Mapenzi ya jukwaa hayakutofautiana. Kilichotofautiana ni muda ambao miguu ilikaa bila mechi.

Kijana wenu yuko wapi kati ya hao wawili? Anakaribia Miquissone kuliko Chama, na hilo liwaogopeshe kidogo. Hesabuni dakika zake, si mechi. Mtu anaweza kuonekana ameingia mechi kumi kumbe kila mara ni dakika ya 85, timu inaongoza, ameambiwa ashike mpira kwenye kibendera cha kona.

Naomba niseme jambo moja ambalo mashabiki wenu hawatalipenda. Kurudi nyumbani si lazima kuwe kurudi kwenu. Shomari Kapombe aliondoka Simba mwaka 2013 kwenda AS Cannes, wakati huo ikiwa daraja la nne Ufaransa. Mambo hayakwenda. Mwaka uliofuata alirudi Tanzania, lakini hakurudi Morogoro alikotoka wala Simba aliyoiacha. Alikwenda Azam, akatulia, akacheza miaka kadhaa, na mwaka 2017 ndipo akarudi Simba na kuwa sehemu ya kikosi kilichotwaa ligi miaka minne mfululizo. Alihitaji kurudi kwenye lugha, chakula na mpira anaoujua. Hakuhitaji kurudi kwenye mlango wa mama.

Wenzetu wa Australia, wanaocheza kandanda yao ya mpira wa yai, wana uzoefu mkubwa wa jambo hili kwa sababu ligi yao huwagawa vijana wa miaka 18 nchi nzima. Kijana wa Perth anajikuta Melbourne, umbali wa kuvuka bara zima, na kila mwaka ukifika wakati wa kubadilishana wachezaji wapo wanaoomba kurudishwa kwao. Jesse Hogan alikuwa mmoja wa waliorudi: mwaka 2018 Melbourne walimwachia akaenda Fremantle, jimboni kwake. Kwa misimu miwili alicheza mechi 19 tu. Akaondoka tena, safari hii kwenda Greater Western Sydney, mbali na kwao, na mwaka 2024 ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa ligi nzima. Nyumbani hakukumponya. Kazi, afya na klabu iliyojua namna ya kumtumia ndivyo vilivyomponya.

Sasa nije kwenye kitu kilichonishtua katika swali lako. Umemtaja mama, umewataja mashabiki, umeitaja kamati. Kocha hukumtaja hata mara moja. Tangu kijana aondoke mmebadilisha kocha? Mfumo ni ule ule? Timu nyingi zinazopigania kubaki siku hizi zinacheza na mabeki watatu nyuma na mabeki wa pembeni wanaopanda na kushuka, winga wa asili hana pa kukaa. Kama kocha wenu anacheza hivyo, mnamrudisha kijana aje kusugua benchi la nyumbani, mbele ya mama yake na mtaa mzima. Hilo litamuumiza kuliko benchi la Dar. Kocha aulizwe kabla ya yeyote, na ajibu kwa jina la nafasi: atacheza wapi, badala ya nani.

Kocha akisema anamtaka, tafuteni kanda za mechi zake za karibuni, hata zile za kirafiki. Msitazame chenga. Chenga haipotei, mtu huzeeka nayo. Tazameni anapopoteza mpira, hatua zake tatu za kwanza ni za kwenda wapi. Tazameni akipokea mpira, mguso wa kwanza unaelekea goli la wapinzani au unarudi kwa beki wake. Na muhimu kuliko yote, tazameni anafanya nini baada ya kukosea. Mchezaji aliyekata tamaa hujificha. Anasimama nyuma ya bega la beki mpinzani, mahali ambapo hakuna pasi inayoweza kumfikia, kisha ananyoosha mkono kana kwamba anaomba mpira. Ukitazama kwenye runinga utadhani ananyimwa. Ukisimama nyuma ya goli unaona kabisa kwamba hautaki. Mkimwona anajificha hivyo kila mechi, jueni mnachukua mgonjwa, na mnahitaji mpango wa mgonjwa. Mkimwona bado anaomba mpira dakika moja baada ya kupoteza, huyo anahitaji namba tu, na mna bahati.

Twende kwenye beki.

Ndugu mjumbe, beki wa kushoto mwenye mguu wa kushoto wa asili, miaka 20, anayecheza kila wiki Ligi Kuu, ni bidhaa adimu nchi hii. Mawinga wapo kila mtaa. Klabu kubwa inalijua hilo, na ndiyo sababu imemtaja yeye na si mwingine. Wao wanawapa mchezaji ambaye hawamtumii wala hawataki kuendelea kumlipa, na wanataka mchezaji mnayemtegemea. Kisha juu yake wanawaachia mshahara wa mwaka na nusu. Mimi siwalaumu, wanafanya kazi yao. Lakini mkikubali, mmewasaidia kutatua matatizo yao mawili na kujitengenezea mawili yenu.

Fikirieni pia ni katikati ya msimu. Ligi ina timu 16 na mechi 30, mbili za mkiani zinashuka moja kwa moja na mbili zinazofuata zinaingia mchujo. Timu ya katikati hadi chini huishi kwa safu ya nyuma iliyozoeana. Kipa anajua beki wake wa kushoto anapenda mpira wa miguuni au wa mbele, beki wa kati anajua lini amfunike. Mazoea hayo yamejengwa mechi kumi na kitu, na hayasajiliki dirisha dogo. Winga akichelewa kupata makali mnakosa krosi. Beki mgeni akichelewa mnafungwa.

Kama wanamtaka beki, hiyo ni biashara ya peke yake. Waandike barua, wataje fedha, na ninyi mdai asilimia ya mauzo ya baadaye, kwa sababu kijana wa miaka 20 wa namna hiyo akikaa sawa anaweza kuuzwa nje. Biashara mbili zisiwekwe kwenye karatasi moja. Zikiunganishwa, mwenye haraka ndiye anayepunjwa, na kwenye jambo hili mmejiweka kuwa wenye haraka kwa sababu ya kelele za jukwaa.

Na haraka hamna. Tazameni kalenda. Mkataba wa winga umebaki miezi 18. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine mkataba wake ukibakiza miezi sita au pungufu. Maana yake dirisha dogo lijalo, mwaka mmoja kuanzia sasa, kijana anaweza kukaa nanyi mezani bila wao kuwa na la kusema, na wao wanalijua hilo. Kila mwezi unaopita bei yake inashuka. Kwa sasa, hata hivyo, msizungumze naye mkataba kabla ya kuiandikia klabu yake barua. Kumtia maneno mchezaji mwenye mkataba ni kosa, na kesi za namna hiyo huziumiza zaidi klabu zisizo na wanasheria.

Mkopo mtakaouomba uandikwe vizuri, msipelekwe na undugu. Klabu mama, yaani hiyo ya Dar yenye mkataba wake, ilipe sehemu kubwa ya mshahara, ninyi mlipe kiasi kisichozidi cha mchezaji wenu wa juu. Hili la mshahara si la hesabu peke yake. Siku nahodha wenu, aliyekaa nanyi miaka sita na kucheza akiwa amefungwa bandeji, atakapojua kwamba kijana aliyerudi akilia analipwa mara mbili yake na ninyi, chumba cha kubadilishia nguo kimeharibika, na kijana ndiye atakayelipa kwa kutopewa pasi. Andikeni bei ya kumnunua mwisho wa msimu kama mkipenda. Andikeni kama ataruhusiwa kucheza dhidi ya klabu mama. Andikeni nani anagharamia matibabu akiumia. Na mjue kwamba kwa kawaida mchezaji haruhusiwi kuchezea zaidi ya klabu mbili kwa msimu mmoja, kwa hiyo kama ameshacheza kwao na akaja kwenu, mambo yakigoma hana pa kwenda mpaka msimu uishe.

Wapo watakaosema kwenye kikao kwamba msipomchukua sasa mtapoteza jasho lenu la kumlea. Si kweli. Siku akiuzwa nje ya nchi kwa ada wakati mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Mgao wenu upo, arudi asirudi. Kitakachowanyima ni kumbukumbu mbovu za usajili, kwa hiyo katibu ahakikishe kila msimu wake kwenye timu yenu ya vijana umesajiliwa rasmi.

Jambo jingine lifanyeni kimya kimya. Jueni nani hasa anayetaka arudi. Kila usajili kwetu una pesa ya kusaini, na pembeni ya kila kijana kuna meneja, mara nyingi mjomba au kaka, ambaye hupata chake kila mara kijana akihama. Nimeona wachezaji wakihamishwa hivyo mpaka wakasahau wanatafuta nini. Mkutane na kijana ana kwa ana, kwa ruhusa ya klabu yake, bila mjomba na bila mama. Mwacheni aseme mwenyewe. Akisema "nataka kucheza" na akisema "nataka kwenda nyumbani", ni wachezaji wawili tofauti mnaozungumza nao.

Niliwahi kumfundisha kiungo mmoja kijana aliyetoka kusini, kilomita nyingi kutoka kambini kwetu. Usiku ukipita mlangoni kwake unaona mwanga wa simu ndani ya chandarua mpaka saa nane, asubuhi mazoezini miguu mizito. Sote tukasema anataka kwao. Mpishi ndiye aliyegundua kwamba anakula peke yake kila siku, kwa sababu nyumba tuliyompangia ilikuwa ya wachezaji wakubwa watupu, wenye familia, na baada ya mazoezi kila mtu anaondoka zake. Tukamhamishia kwa wenzake wa rika lake. Hakuomba kurudi tena. Nalisema hili kwa sababu kama mnampenda kijana huyu kweli, inawezekana jambo la kwanza la kumfanyia ni kuishauri klabu yake imbadilishie makazi, hata kama kwa kufanya hivyo mtamkosa.

Lipo moja nisilotaka mlichukulie kuwa la mpira. Kama mama anasema kijana hali, halali, amepungua mwili, au anatamka maneno ya kutotaka kuishi, hilo halisubiri dirisha wala kikao. Daktari wa klabu yake aambiwe leo, na ndugu mmoja wa kuaminika apande basi akakae naye. Navas alitibiwa na wataalamu, hakutibiwa na uhamisho. Mkopo unaweza kuja baadaye.

Tuseme yote yamekaa sawa na amekuja. Asilale kwa mama yake. Akae kambini na wenzake, au nyumba ya karibu na kambi, na siku ya mapumziko aende akale kwao, alale, arudi kesho yake. Nikisema hivi wazazi hukunja uso, lakini kijana anayeishi nyumbani mjini kwake hana siku ya mapumziko. Saa moja asubuhi yuko mtu sebuleni ana shida ya ada. Mchana shangazi ana mgonjwa. Jioni marafiki wako nje na pikipiki. Mshahara wa Dar walikuwa wanausikia kwa mbali. Sasa mwenye mshahara yuko hapa. Mpeni mtu mmoja wa uongozi, mwenye umri na heshima, awe ndiye anayejibu "hapana" badala yake, maana kijana wa miaka 22 hawezi kumwambia baba yake mdogo hapana.

Uwanjani, asianze mechi ya kwanza ya nyumbani. Najua mtauza tiketi nyingi, najua mabango yameshachorwa. Lakini mtu ambaye hajacheza dakika 90 kwa nusu mwaka anahitaji wiki sita mpaka nane kupata pumzi ya mechi, na jukwaa la nyumbani halina subira hiyo. Mtoto wa nyumbani hupigiwa makofi mechi mbili. Ya tatu akipoteza mpira anazomewa kwa jina la baba yake, na mama yuko jukwaani anasikia. Mwanzisheni ugenini. Mpeni nusu saa, kisha kipindi kizima, kisha mechi, mahali ambapo hakuna anayemjua. Nyumbani aingie akiwa tayari ana krosi moja au mbili za kukumbukwa.

Kwenye kikao chenu, basi, fuateni mpangilio huu: kocha kwanza, kijana mwenyewe pili, barua ya mkopo tatu, na habari ya beki isiwe kwenye ajenda kabisa. Wakikataa mkopo, waambieni mashabiki ukweli kwamba mlimwomba na klabu yake ikataka beki wenu. Watanuna wiki moja.

Nitumie kanda za mechi zake za msimu huu, na mbili za msimu aliokuwa bado kwenu ili nilinganishe. Taja pia kocha wenu anacheza mfumo gani sasa. Nikizipata kabla ya Ijumaa nitakuandikia ninachokiona kabla hamjakaa.